Krapf: jina hili la Kijerumani lina maana gani, na wenye nalo leo wako wapi?

#1 Mlezi_wa_Kamusi
Wakuu, salaam. Anayesoma historia ya Kiswahili lazima akutane na Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa 1844, akaanza kituo cha Rabai na mwenzake Johannes Rebmann mwaka 1846, akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Ukambani, na kamusi yake ikachapwa London 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Hayo tunayajua.

Swali langu ni la jina. Nimefanya kazi na Wajerumani muda mrefu, akina Müller, Schmidt, Schneider na Fischer nimewajua mpaka wananichanganya. Krapf aliye hai sijamwona hata mmoja. Je, ni jina adimu kiasi hicho? Lilitoka wapi? Kuna mmoja aliniambia ni aina ya andazi, sikujua ananitania au la.

#2 Kono_la_Birika
Naweka kigoda hapa nisubiri wajuzi.

#3 Chai_ya_Rangi
Yaani baba wa kamusi zetu ni Bwana Mandazi?! Nimepaliwa.

#4 Binti_Neckar
Hakukutania, kaka. Mimi naishi upande huo huo wa Tübingen alikozaliwa Krapf. Krapfen ni unga wa ngano uliotiwa hamira, maziwa na mayai, unaumuka, unakaangwa kwenye mafuta mengi. Ukikaangwa vizuri unabaki na mkanda mweupe kiunoni, mahali mafuta hayakufika. Halafu unadungwa jemu ndani na kunyunyiziwa sukari ya unga. Msimu wake hasa ni siku za kabla ya Kwaresima.

Bavaria na Austria wanaita Krapfen, Berlin wanaita Pfannkuchen, magharibi wanaita Berliner, Hessen ni Kreppel. Na zama majina ya ukoo yanaundwa (kuanzia karne ya 12 kwenye miji ya kusini na magharibi, vijijini baadaye) mtu kuitwa kwa bidhaa yake halikuwa jambo la ajabu. Wapo akina Pfeffer, yaani pilipili manga, wauza viungo. Wapo akina Nagel, msumari, waliofua misumari. Kwa hiyo Krapf anaweza kuwa mkaanga krapfen. Vienna karne ya 15 wanawake wa kukaanga krapfen walikuwa kundi la wafanyakazi linalotambulika.

#5 Fundi_Konsonanti
Dada Binti ameeleza vizuri lakini ameanzia katikati ya safari. Katika Kijerumani cha zama za kati, *krāpfe* kwanza ni kulabu, kitu kilichopinda ncha, hata ukucha wa ndege. Andazi lenyewe lilipewa jina hilo kwa sababu lilikuwa linakunjwa, si duara kama la leo. Sasa mtu wa karne ya 14 aliyeitwa Krapf alikuwa mkaanga maandazi, au aliitwa kulabu kwa sababu mgongo wake umepinda? Majina ya namna hiyo Wajerumani wanayo tele: Krumm ni aliyepinda, Klein mdogo, Lang mrefu, Schwarz mwenye nywele nyeusi. Wala hawakuona haya.

Mimi nashikilia kulabu. Andazi linachekesha ndiyo maana kila mtu analipenda.

#6 Mzee_Songoro
Naunga mkono #5. Kijijini kwetu kuna ukoo mzima unaitwa Kiguru, na wote wanatembea wima kama milingoti. Babu yao ndiye alikuwa na mguu mbovu. Jina la kejeli likishamshika mtu, wajukuu wanalirithi pamoja na shamba.

#7 Kipanga_Mweusi
Mnajisumbua. Krapf ni Kraft, yaani nguvu. Karani alikosea herufi, basi. Jina Kraft limejaa Ujerumani nzima.

#8 Fundi_Konsonanti
Kipanga, usituingize chaka. Sauti *pf* mwishoni ina historia yake. Lahaja za kusini ziligeuza *p* ya zamani kuwa *pf*, za kaskazini zikabaki na *p*. Ndiyo maana tunda lile lile kusini ni *Apfel*, kaskazini *Appel*. Kwa hesabu hiyo Krapf wa kusini ndugu yake wa kaskazini ni Krapp. Kraft ana *f* na *t*, ukoo mwingine kabisa.

Na hapo hapo kuna mtego: Krapp pia ni jina la mmea ambao mizizi yake ilitoa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Kwa hiyo si kila Krapp ni Krapf aliyehamia kaskazini.

#9 Jomvu_Kuu
Hodi wandani. Mbona hamjamtaja Karpf? Mimi niliwahi kuona jina hilo nikadhani mtu kakosea kuandika Krapf.

#10 Binti_Neckar
@Jomvu_Kuu Karpf ni samaki, yule kapu anayefugwa mabwawani. Jina jingine kabisa, ila kwenye daftari lililoandikwa kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, herufi *ar* na *ra* zinapishana kwa kupepesa jicho.

Nawaambia ninachokijua kwa sababu ninatafuta ukoo wa mume wangu (si Krapf, jina lenyewe nalificha, wakwe wasije wakanikuta humu). Württemberg, yaani eneo letu hili la Tübingen na Stuttgart, makanisa yaliamriwa kuweka madaftari tangu katikati ya karne ya 16, na mengi yamepigwa picha, unayasoma mtandaoni kwa kulipia. Ukurasa mmoja wa ubatizo una safu ya mtoto, baba, mama, wasimamizi. Wino umekuwa kahawia, mchungaji amebana maneno ili kuokoa karatasi. Jina moja utaliona juu lina *f* moja, chini lina *ff*, mwandishi yule yule, wiki ile ile. Na mwanamke anaongezewa *-in*: binti wa Krapf anaandikwa Krapfin, wa Rebmann anaandikwa Rebmännin. Ukiitafutia kompyuta neno Krapf tupu, nusu ya ukoo, yaani akina mama wote, wanakupita.

#11 Chai_ya_Rangi
Sisi huku tunagombania kitambulisho kwa herufi moja.

#12 Takwimu_Tupu
Tuje kwenye idadi sasa, maana mleta uzi aliuliza pia kama ni jina adimu.

Watafiti wa majina Ujerumani wametegemea sana kitabu cha simu. Ile atlasi kubwa ya majina ya ukoo ya watu wa vyuo vikuu vya Freiburg na Mainz imejengwa juu ya simu za mezani za mwaka 2005: simu zaidi ya milioni 28, na ndani yake majina tofauti takriban 850,000. Ondoa yale yaliyounganishwa kwa kistari, bado ni mlima wa majina. Sehemu kubwa sana ya hayo yana simu moja au chache tu nchi nzima.

Kwa kipimo hicho Krapf si adimu wa kutisha. Si jina la barabarani kama Müller, lakini pia si jina la nyumba moja. Mleta uzi hajakutana naye kwa sababu pengine anafanya kazi na watu wa Hamburg na Hannover. Aende kusini.

#13 Mlezi_wa_Kamusi
@Takwimu_Tupu umenifumania, ni Hamburg kweli. Lakini tupe namba basi, mkuu. Akina Krapf ni wangapi leo?

#14 Kipanga_Mweusi
Zipo tovuti zinakupa idadi ya kila jina duniani, nchi kwa nchi, mpaka mtu wa mwisho. Fungua uone, acheni mizunguko.

#15 Takwimu_Tupu
@Kipanga_Mweusi tovuti hizo zinachukua orodha fulani, zinakadiria kwa idadi ya watu, halafu zinakuandikia namba kamili kana kwamba waligonga kila mlango. Mimi siziamini hata kidogo. Namba isiyo na alama ya "takriban" mbele yake, kwenye mambo ya majina, ikimbie.

Hata simu za 2005 zina kasoro zake. Simu moja ni nyumba nzima, na mara nyingi iliandikishwa kwa jina la mume. Wengi huzidisha idadi ya simu kwa karibu tatu ili kupata watu. Mwanafunzi anayepanga chumba na simu ya mkononi hayumo. Na tangu 1994 sheria yao inamruhusu kila mwenzi kubaki na jina lake, kwa hiyo nyuma ya simu ya Bwana Krapf anaweza kuwepo Bibi mwenye jina jingine kabisa. Na kuanzia Mei 2025 wamefungua mlango zaidi wa majina mawili kwa wanandoa wote. Hesabu itazidi kuwa ngumu.

#16 Nahodha_Mstaafu
Nami niongeze, wajukuu zangu. Ramani ya majina ya leo inadanganya kwa sababu nyingine: vita. Baada ya 1945 Wajerumani wapatao milioni 12 waliondolewa mashariki, wakamwagika kila mahali. Jina la Silesia leo utalikuta Bavaria.

Ukitaka kuona majina yalivyokaa kabla ya hapo, zipo orodha za askari waliouawa, kujeruhiwa au kupotea vita vya 1914 hadi 1918. Wapenzi wa historia za koo walijitolea wakaziingiza kwenye kompyuta, zaidi ya majina milioni nane, na mengi yana mahali pa kuzaliwa. Kijana anaandika jina, ramani inatoka. Wengi wa majina hayo ni wakulima ambao hawakuwahi kutoka kijijini mpaka walipopelekwa vitani, ndiyo maana ramani inatoka safi hivyo. Inasikitisha kidogo kuitumia, lakini ndivyo.

#17 Binti_Neckar
Shikamoo Nahodha. Hilo ni kweli, na nitaeleza kwa nini majina ya huku yanasongamana hivyo. Württemberg baba akifa ardhi iligawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Kaskazini sehemu nyingi shamba lilikwenda zima kwa mmoja, wengine wakaondoka. Huku kila mtoto alibaki na kipande chake cha ukanda mwembamba, akaoa jirani, kipande kikaungana na kingine. Vizazi vitano baadaye nusu ya kijiji ina majina manne. Ukivuka kilima, majina manne mengine.

Mwisho wake vipande vikawa havilishi mtu. Mwaka 1816 ulikosa kiangazi, baada ya volkano ya Tambora kulipuka 1815, na njaa ya 1816 na 1817 ikawasukuma maelfu kwenda Urusi na Marekani. Krapf wetu alizaliwa 1810, kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka sita, saba wakati majirani wanafunga mizigo.

#18 Mama_Zawadi_Pennsylvania
Ngojeni kidogo! Huku Pennsylvania, upande wa West Chester, kuna mabasi ya shule ya njano yameandikwa KRAPF ubavuni. Kampuni ya familia, ya miaka mingi. Wanangu wameyapanda na mimi sikuwahi kuunganisha na Krapf wa Rabai mpaka leo. Je, ni ukoo mmoja?

#19 Takwimu_Tupu
@Mama_Zawadi_Pennsylvania jina moja si ukoo mmoja, dada. Jina la utani au la kazi linaweza kuzaliwa vijiji ishirini bila wenyewe kujuana. Mfano mwingine: mshairi Norbert Krapf, aliyekuwa mshairi mteule wa jimbo la Indiana 2008 hadi 2010. Yeye ni mzaliwa wa Jasper, na wazee wake walitoka Franconia, kaskazini mwa Bavaria. Hao walikuwa Wakatoliki. Krapf wa Rabai alitoka Württemberg ya Walutheri.

#20 Kijana_wa_Kitui
Sasa mkiongea Krapf bila kumtaja Kivoi mnatuumiza sisi watu wa Kitui. Chifu Kivoi ndiye alimkaribisha 1849 akamwonyesha mlima. Na jina Kenya lenyewe lilitokana na vile Krapf alivyosikia Wakamba wakiutaja.

#21 Mlezi_wa_Kamusi
@Kijana_wa_Kitui hilo ni deni, ndugu. Fungua uzi wake, nitakuwa wa kwanza kuchangia. Hapa tubaki na jina lake yeye.

#22 Dada_wa_Basel
Habari zenu. Mimi niko Uswisi na nina hoja tofauti kidogo. Huku jina Krapf ni la kwetu pia, hasa kantoni ya St. Gallen. Sasa kumbukeni Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648. Württemberg ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake kwa vita, njaa na tauni. Baada ya vita vijiji vilikuwa na nyumba tupu, na watu wakaingia kutoka Uswisi na Austria kujaza. Majina mengi "ya Kiswabia", yaani ya watu wa huko Württemberg, ukiyafuata unafika Uswisi. Sioni kwa nini akina Krapf wa Derendingen, kijiji cha karibu na Tübingen alikozaliwa Krapf wetu, wasiwe miongoni mwao.

Na kuna jambo jingine: kanisa la zamani la Derendingen ni la Mtakatifu Gallus. Yule yule wa St. Gallen!

#23 Chai_ya_Rangi
Hapo sasa. Upelelezi umekamilika, tufunge jalada.

#24 Nahodha_Mstaafu
Usifunge, mjukuu wangu. Makanisa ya Gallus yamezagaa Swabia yote, kwa sababu abasia ya St. Gallen, yaani nyumba ya watawa, ilikuwa na ardhi na mamlaka pande hizo karne nyingi kabla ya vita. Gallus mwenyewe ni mtu wa karne ya saba. Kanisa halikuletwa na wahamiaji wa 1650.

Tena waliokwenda Württemberg baada ya vita walikuwa Waprotestanti, wengi kutoka upande wa Zürich na Bern. Ardhi ya abasia ya St. Gallen kwa sehemu kubwa ilibaki ya Kikatoliki. Mkatoliki wa wakati ule kwenda kujipanda katikati ya Walutheri, si rahisi.

#25 Dada_wa_Basel
@Nahodha_Mstaafu si rahisi lakini njaa haina dhehebu. Na Toggenburg, ndani ya ardhi hiyo hiyo, kulikuwa mchanganyiko. Sijaridhika.

#26 Fundi_Konsonanti
Mkiwa bado Derendingen, kuna jambo ambalo limenishangaza kuliko andazi. Mchungaji wa kanisa hilo hilo la Gallus karne ya 16 alikuwa Primož Trubar, Mslovenia aliyekimbilia Ujerumani. Kitabu cha kwanza kuchapwa kwa Kislovenia, mwaka 1550, ni chake. Alifia Derendingen 1586 na kuzikwa humo kanisani. Kijiji kimoja cha wakulima: mmoja anatoa vitabu vya kwanza vya Kislovenia, mwingine miaka zaidi ya 200 baadaye anatoka hapo kwenda kuandika kamusi ya Kiswahili.

#27 Kono_la_Birika
Maji ya hapo yana kitu.

#28 Jomvu_Kuu
Mimi wa Mombasa niwaulize. Tukisema kwa heshima, kaburi la mkewe Rosina liko huku kwetu, upande wa Nyali. Alifariki Julai 1844 na mtoto mchanga, hata hawajamaliza mwaka Mombasa. Rosina alikuwa Dietrich kwa kwao. Krapf akaoa tena baadaye. Je, huyo wa pili naye alikuwa na jina gani? Maana mnahangaika na la mume tu.

#29 Binti_Neckar
@Jomvu_Kuu swali zuri kaka, na hapa ndipo penye jina adimu la kweli. Mke wa pili alikuwa Charlotte Pelargus, wa Stuttgart. Wala halisikiki kama la Kijerumani.

#30 Fundi_Konsonanti
Kwa sababu si la Kijerumani! *Pelargos* ni Kigiriki, maana yake korongo. Karne ya 16 wasomi wao walishikwa na ugonjwa wa kutafsiri majina yao kwa Kilatini na Kigiriki. Mkulima Bauer akawa Agricola. Neumann akawa Neander. Schwarzerdt akawa Melanchthon, yule rafiki wa Luther. Na mwanatheolojia mmoja wa Frankfurt ya mto Oder, aliyezaliwa Storch, yaani Korongo, akajiita Christoph Pelargus, alifariki 1633. Majina kama hayo ni adimu kwa asili, maana yalitungwa mezani na mtu mwenye kalamu.

#31 Kipanga_Mweusi
Kwa hiyo Bwana Andazi alimwoa Bibi Korongo. Na mnasema mimi ndiye ninayeleta mzaha.

#32 Dada_wa_Basel
Stuttgart kulikuwa na akina Pelargus wasubu shaba, waliotengeneza sanamu za mjini karne ya 19 na 20. Jina lenye asili ya wasomi, kazi ya mikono meusi. Ndivyo majina yanavyotembea.

#33 Mwl_Kinondoni
Nimechelewa kuingia. Nimesoma mpaka #32 na ninaona mmemwacha Rebmann, ambaye jina lake halina ubishi: *Rebe* ni mzabibu, *Mann* ni mtu. Gerlingen alikozaliwa 1820 walilima zabibu kwenye miteremko. Na yule Carl Büttner aliyefundisha Kiswahili Berlin mwishoni mwa karne ya 19 kwenye ile seminari ya lugha za Mashariki, jina lake ni fundi mapipa. Fundi mapipa huyo huyo kaskazini anaitwa Böttcher, kusini magharibi Küfer, Bavaria Schäffler, sehemu nyingine Binder. Ukisikia jina tu unaweza kukisia babu yake alipigilia mapipa upande gani wa nchi.

Hii ndiyo sababu siridhiki na hoja ya andazi. Binti_Neckar aseme ukweli: Waswabia andazi la kabla ya Kwaresima wanaliita Krapfen?

#34 Binti_Neckar
@Mwl_Kinondoni umenibana mwalimu. Hapa kwetu ni *Fasnetsküchle*. Ukisema Krapfen wanakuelewa, ila wanajua umetoka nje.

#35 Mwl_Kinondoni
Basi hoja ya andazi inayumba. Mswabia angeitwaje kwa neno asilotumia?

#36 Takwimu_Tupu
Usiharakishe mwalimu. Hilo ni neno la *leo*. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Würzburg karne ya 14 kina mapishi ya krapfen za mfungo, zenye njugu ndani, na Würzburg si Bavaria ya zamani, ni Franconia. Neno lilikuwa limeenea. Maneno yanahama mikoa, jina la ukoo linabaki limeganda pale lilipoandikwa. Kutumia lahaja ya leo kuhukumu jina la karne ya 14 haifai.

#37 Fundi_Konsonanti
Sawa, lakini hata hiyo haithibitishi andazi. Inathibitisha kwamba neno lilikuwepo, na kulabu nayo ilikuwepo. Turudi kulekule.

#38 Hawa_wa_Köln
Samahani natoka nje kidogo. Mnaongelea majina yaliyoganda, mimi langu liligandishwa mbele ya macho yangu. Kwetu jina langu ni langu, la baba, la babu. Nilipofika hapa ofisi moja ya usajili ikachukua la babu likawa *jina la ukoo*, na mwanangu akazaliwa akapewa hilo. Sasa mtoto ana jina la babu yangu kama ukoo, mume wangu ana la babu yake, na shuleni wananiuliza mtoto ni wa nani. Kuna njia ya kurekebisha?

#39 Binti_Neckar
@Hawa_wa_Köln pole dada. Ipo. Sheria yao inayoitwa EGBGB, kifungu cha 47, inamruhusu mtu ambaye jina lake sasa liko chini ya sheria ya Ujerumani aamue mwenyewe lipi liwe la kwanza na lipi la ukoo. Unatoa tamko kwa msajili. Nenda na vyeti vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na uliza mapema kama jina la mtoto linafuata lako, kwa sababu umri wake una maana hapo.

#40 Hawa_wa_Köln
Asante sana. Nitakwenda Jumatatu.

#41 Mzee_Songoro
Na hivyo ndivyo ukoo mpya wa Kijerumani unavyozaliwa. Miaka 300 ijayo watu watafungua uzi: "Jina hili la Köln linatoka wapi?" Mmoja atasema ni andazi.

#42 Chai_ya_Rangi
😂😂 Mzee umeua.

#43 Jomvu_Kuu
Mimi nina wazo ambalo halijatajwa. Huku pwani shamba linaitwa kwa umbo lake au kilichomo, na mtu anaitwa kwa shamba. Fulani wa Mkunguni, fulani wa Kisimani. Kama *krapf* ni kulabu, kwa nini lisiwe shamba lililopinda, au mahali mto unapofanya kiwiko? Mto Steinlach unapita hapo hapo Derendingen kwenda Neckar.

#44 Fundi_Konsonanti
@Jomvu_Kuu hilo si la kupuuzwa. Wajerumani wanayo kweli. *Gehren* ni shamba la pembetatu, linafananishwa na ncha ya mkuki, na lina majina yake ya ukoo. Na kulabu kama zana nayo iko mezani: mtu wa kuvuta magogo kwa kulabu, au wa kuifua. Kwa hiyo sasa tuna andazi, mgongo, shamba na zana, na zote nne zinatoka kwenye neno moja.

#45 Nahodha_Mstaafu
La shamba linaweza kupimwa. Württemberg ilipima nchi nzima kati ya 1818 na 1840, kila ukanda wa ardhi, kwa kipimo cha 1:2500, na majina ya mashamba yakaandikwa juu ya ramani. Aliye karibu aangalie ramani za Derendingen kama kuna kipande chochote chenye Krapf au Kräpf katika jina lake. Binti_Neckar, miguu yako bado ina nguvu kuliko yangu.

#46 Binti_Neckar
Nitaangalia, babu. Nyingi zinaonekana hata mtandaoni.

#47 Mwl_Kinondoni
Ukilipata litatusaidia nini? Kufikia 1818 akina Krapf wameshakaa hapo vizazi na vizazi. Shamba linaweza kuitwa Krapf kwa sababu mwenyewe alikuwa Krapf. Utakuwa umepata jina la mtu ukadhani umepata asili yake.

#48 Jomvu_Kuu
Ndiyo maana nimetaja na mto, mwalimu. Mto hauna mwenyewe.

#49 Mwl_Kinondoni
Mto una kona kila kijiji. Mbona wote hawaitwi Krapf?

#50 Dada_wa_Basel
Kama mnaangalia ramani, mwangalie na orodha za waliobatizwa kabla ya 1634, mwaka vita vilipoivamia Württemberg. Akina Krapf wakiwemo Derendingen kabla ya mwaka huo, mimi nitaacha habari za Uswisi. Wasipokuwemo, Nahodha anieleze walidondoka kutoka wapi.